Kamba Kumi na Moja za Mzee Rafaeli

Katumba, Jumatatu, 3 Juni 1996

Kama Nuhu angezaliwa Katumba, leo angekuwa ananishikia msasa. Sijivuni, nasema ukweli. Miaka kumi na tisa, darasa la sita na nusu, na mikono hii ikishika ubao, ubao wenyewe unasema asante.

Leo kazi kubwa imeingia karakana. Mzee Rafaeli wa Magamba, ambaye zamani alikuwa nahodha wa boti ya tanga kule Karema, ziwani, anataka boti yake ichongwe. Ndogo, ya kukaa mapajani. Macho yake yameingia ukungu, mwaka wa nne huu haoni hata kijiko. Anataka ya kushika kwa vidole. Kasema: kamba zote, mbao zote, kila kitu mahali pake. Hataki kugusa uongo.

Fundi Arcade alitaka kumpa kazi Candide. Candide ni yule mwenzangu anayepima mara tatu, anakata mara moja, halafu anapima tena kuhakikisha kilichokatika kimekatika. Nikasema kazi ni yangu. Fundi akauliza kama nimewahi kuona boti ya tanga hata siku moja. Nikamjibu mbona yeye anatengeneza majeneza na hajawahi kufa. Akacheka mpaka akashika kiuno. Kazi nikapata. Fundi kaahidi: Mzee akiipokea boti, benchi la dirishani ni langu na patasi zake zote. Akiikataa, narudi kupiga randa milango ya vyoo.

Mfano ni picha. Moja tu duniani. Picha kubwa, saizi ya daftari, nyeusi na nyeupe, kona moja imekunjika. Mwaka 1978, boti inaondoka Karema na tanga limejaa. Ndani yuko Silvester, mtoto wa Mzee. Mwaka uliofuata ziwa lilichukua boti pamoja na Silvester, na mke wake ana mimba. Mimba ile ndiyo Pudensiana, na ndiye aliyeleta picha, kaifunga kwenye kitenge. Nilipoishika hakuiachia. Tukawa tunavutana kama watu wanakunja shuka. Akasema huyu ndiye baba pekee aliye naye, na picha ikipata hata tone la chai, nisikanyage Magamba.

Nikamwambia, dada, mikono hii haijawahi kuharibu kitu. Candide akakohoa.

Jumanne, 4 Juni

Siku nzima nimeikodolea picha macho. Nimehesabu. Kamba kumi na moja. Mbao tisa ubavuni. Misumari inayoonekana ishirini na tatu. Bendera moja nyuma. Nimefumba macho na kumtajia Fundi yote bila kukosa. Kichwa hiki ni hazina ya taifa.

Candide akashauri nichukue vipimo kwa bikari, nukta kwa nukta, nihamishe kwenye ubao. Kazi ya siku tatu. Nikamwambia kobe naye ni mnyama, lakini hatumtumi dukani.

Mimi nikapata akili. Boti inayotakiwa ni saizi ileile ya kwenye picha. Sasa kwa nini nihamishe vipimo, wakati naweza kuhamisha picha? Nikasubiri Candide aende kunywa uji. Nikapaka gundi ya mbao nyuma ya picha, nyembamba sana, nikaibandika juu ya kipande cha mninga, nikafuata mstari wa boti kwa msumeno mwembamba. Nusu saa tu. Umbo limetoka kama limezaliwa. Mgongo umepinda sawasawa, pua imenyanyuka sawasawa. Nyuma kulikuwa na kitu kimesimama kinanisumbua mstari, nikapitisha msumeno moja kwa moja.

Kesho nitaibandua. Gundi ni nyembamba.

Jumatano, 5 Juni

Gundi siyo nyembamba.

Nilijaribu kwa kucha. Nikajaribu kwa wembe. Nikakumbuka barua hufunguliwa kwa mvuke, nikaenda kushikilia boti juu ya sufuria ya maharage ya mama. Mama akauliza kama siku hizi tunapika mbao. Picha ikaanza kuvimba, ikatoka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Tanga likabaki kwenye kidole gumba. Mbao tisa zikaanguka ndani ya maharage.

Nikasema si neno, vipande vya pembeni vipo, ubavuni mwa benchi, na kila kipande kina picha yake juu. Nitaviunganisha. Nikakimbilia karakana. Havipo. Nikarudi nyumbani. Mama akasema ndiyo, alipita asubuhi akachukua vipande vya mninga pale chini, na namuuliza nini, wakati moto wa maharage niliyokuwa nimesimama juu yake ulikuwa unawaka kwa vitu gani?

Sikula.

Candide ameona karatasi imeng'ang'ania ubavuni mwa boti. Akafunga mlango. Akaniambia niende Magamba leo hii, kosa likiwa bado dogo, nipige magoti. Nikasema kosa gani? Akasema hatanisemea kwa Fundi, nitasema mwenyewe kwa mdomo wangu. Hiyo ndiyo shida ya Candide. Hata akikupa siri anakupa kama adhabu.

Mpango mpya: boti itakuwa nzuri mpaka hakuna atakayekumbuka kwamba kulikuwa na picha.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepiga msasa mpaka karatasi yote imetoka. Mlingoti umesimama. Kamba kumi na moja nimefunga kwa uzi wa kufungia tumbaku, maana huku tunalima tumbaku na uzi ni huo, kila nyumba ina donge lake. Fundi akaishika boti, akaigeuza, akasema kamba hizi ukizikuza kama boti ya kweli, kila moja itakuwa nene kama paja la Manyanda muuza ng'ombe. Alisema kweli. Nikazifungua zote. Nikaupasua uzi mara nne, nikasokota upya, nikapaka nta ya nyuki usirushe nywele. Vidole vimechubuka. Sasa ni nyembamba, zimenyooka, zinalia ukizigusa.

Mchana nikapanda baiskeli hadi Magamba, Mzee aikague kabla ya kumaliza. Nilijua ataipapasa tu na kusifu. Hakuipapasa. Aliisoma. Alianza puani, kidole kimoja, akafuata ubao mmoja baada ya mwingine, midomo inahesabu. Akafika nyuma. Akasimama.

Akauliza bendera hii inakimbia upepo gani.

Nikamwambia babu, bendera inaelekea nyuma, kama kwenye gari la Mkuu wa Wilaya. Kila mtu ameiona. Akasema gari la Mkuu wa Wilaya lina injini. Boti ya tanga haina kitu kinachoisukuma isipokuwa upepo, na upepo unaojaza tanga kwenda mbele ndio huohuo unaopeperusha bendera kwenda mbele. Akaniuliza kwa upole: "Picha si unayo? Kwenye picha inaelekea wapi?"

Nikasema mbele. Akasema basi tazama picha, mwanangu, usitazame gari.

Pudensiana alikuwa anapeta mahindi mlangoni. Akauliza picha yake iko wapi. Nikasema fundi hawezi kuachana na mfano kazi haijaisha. Akasema sawa, Jumapili ya wiki ijayo. Halafu akatoa habari, na ungo hakuusimamisha: madaktari wa macho wanakuja Mpanda mjini. Babu kaandikishwa kupasuliwa tarehe ishirini.

Mzee akacheka peke yake. Akasema akifunguliwa bandeji, kitu cha kwanza atakachotazama ni mwanawe. Akanishika mkono kunishukuru kwa kumtunzia.

Njiani mnyororo ulitoka mara mbili. Baiskeli ilikuwa nzima. Miguu ndiyo ilikuwa inakanyaga kinyumenyume.

Jumatatu, 10 Juni

Sijalala. Lakini mtu asiyelala anafikiri saa nyingi kuliko wenzake.

Nimekwenda mjini kwa Makoye, mpiga picha. Nikamuuliza kama picha ikipotea inaweza kusafishwa nyingine. Akasema nilete mkanda. Nikasema mkanda ulikuwa wa padri mmoja aliyepita Karema mwaka 1978, akarudi kwao. Makoye akaniangalia kama mtu aliyeleta mfupa na kuagiza supu ya ng'ombe aliyekufa miaka kumi na nane iliyopita.

Ndipo akili ikawaka. Boti ninayo. Mtu ninaye, ni mimi. Kinachokosekana ni ziwa tu.

Jumatano, 12 Juni

Hii ni siku ya kuandikwa vitabuni.

Tulifanyia uani kwa Makoye. Boti nikaiweka juu ya beseni la maji, karibu kabisa na kamera. Mimi nikasimama mbali, kule kwenye ua wa mabanzi, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Makoye akatazama tunduni, akaniambia sogea kushoto, panda, shuka, panda tena. Akainua kichwa polepole. Akasema walahi umesimama kwenye boti. Kwa mbali nilikuwa mdogo, kwa karibu boti ilikuwa kubwa, tukakutana katikati. Ua ukafunikwa kwa shuka jeupe, ndiyo mbingu.

Bendera imeelekea mbele. Kamba kumi na moja zinaonekana. Nani mwingine angepatia vitu vidogo namna hii?

Mavazi yalinichelewesha kidogo. Silvester alivaa nini? Nikasema shati jeupe. Nahodha, mtoto wa nahodha, lazima shati jeupe. Nikaazima la Candide bila kumsumbua kwa kumwambia.

Makoye ataisafisha yeye mwenyewe, nyeusi na nyeupe, saizi ya daftari. Aliuliza ni ya nini. Nikasema ni kumbukumbu ya familia.

Jumamosi, 15 Juni

Picha imetoka. Nimeichovya kwenye chai ya rangi, nikaianika, imekuwa na miaka kumi na nane kwa saa mbili. Kona nimeikunja palepale ilipokuwa imekunjika. Nimeipitisha mfukoni, chini ya godoro, kwenye jivu kidogo. Uso wangu umetoka mdogo kama punje ya mtama, lakini hata hivyo unavutia.

Candide kaiona. Hakukohoa safari hii. Aliitazama sana, akaniuliza hilo shati si lake? Halafu akaniambia: "Didace, umemvalisha marehemu shati langu." Akaenda kukaa nje.

Wivu ni ugonjwa.

Jumapili, 16 Juni

Nimekabidhi.

Pudensiana hayupo, yuko Kasansa kwa shangazi yake kuvuna, atarudi Jumatano kumpeleka babu hospitali. Mungu hupanga. Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanisa limetoka, ana shati safi. Nikamwekea boti mapajani.

Alianza tena puani. Mbao tisa. Misumari akaigusa mmojammoja kwa ukucha, nikasikia tik, tik, tik, mpaka ishirini na tatu. Kamba ya kwanza, ya pili. Kwenye ya saba alisimama. Akaivuta kidogo. Akasema hii ndiyo aliyokuwa anaishika Silvester wakati wa kugeuza tanga, na alikuwa anaishika vibaya, kila siku anaambiwa. Akafika kumi na moja. Akafika bendera. Kidole kikaifuata kuelekea mbele, mpaka mwisho. Akaweka mikono miwili juu ya tanga kama mtu anayefunika kifaranga.

Akasema ndiyo yenyewe.

Nikampa picha. Akatafuta kona, akaipata imekunjika, akatabasamu. Akaifungia sandukuni, ufunguo akauvaa shingoni. Akasema hakuna atakayeifungua mpaka aifungue yeye, kwa macho yake. Hata Pudensiana atasubiri.

Benchi la dirishani ni langu. Fundi amenihamishia patasi zote. Nimekaa pale jioni nzima. Kuna upepo mzuri. Sijachonga kitu.

Alhamisi, 20 Juni

Leo amepasuliwa.

Kanisani asubuhi tumeombwa tumwombee Mzee Rafaeli macho yafunguke. Watu wote wamefumba macho, nami nimefumba. Nilianza vizuri. Katikati nikagundua ninachoomba ni kingine kabisa, kwamba lile jicho lisipone sana, lipone kiasi, lione mlango na sufuria, lisione punje ya mtama. Nikaacha. Sikusema amina. Nilifikiri Mungu akikosa amina atajua barua haijatumwa.

Jumamosi, 22 Juni

Mtu alikuja karakana asubuhi: Mzee karudi, anaona, anamtaka fundi wa boti.

Nilifikiri kukimbilia porini. Candide akanitolea baiskeli, akanishikia, kama bwana harusi. Akasema nenda.

Mzee ana miwani minene kama kitako cha chupa. Alinitazama kutoka juu mpaka chini akasema kumbe ni mtoto hivi. Boti ilikuwa mbele yake. Pudensiana alikuwa ameinama pembeni ya sanduku. Walikuwa wamenisubiri mimi. Mzee alisema aliyeitunza picha naye aone siku hii. Akavua ufunguo.

Aliishika picha karibu na pua, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Akasema boti ni yenyewe. Akasema kamba zote zipo, bendera iko sawa. Nikaanza kupumua. Halafu akaitazama tena, akanitazama mimi. Akaitazama tena. Akasema: "Pude, jicho langu bado. Namwona huyu kijana kila mahali."

Pudensiana akaichukua. Hakuhitaji muda. Aliiweka chini taratibu, kifudifudi. Nilitaka anipige. Nilikuwa nimejiandaa kwa kupigwa, hata nimevaa sweta. Akaniuliza picha yake iko wapi. Nikasema gundi. Nikasema mvuke, nikasema mama yangu, nikasema moto. Maneno yalitoka yamepishana lakini yalitoka yote.

Mzee alisikia mpaka mwisho. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, kana kwamba kosa ni la miwani. Akauliza ule moto ulikuwa wa kupikia nini. Nikasema maharage. Akatikisa kichwa.

Pudensiana akasema yeye aliizoea ile picha mpaka akawa haioni tena. Ilikuwa ukutani, basi. Alidhani itakuwepo siku zote, kwa nini aikariri? Mzee akasema hata yeye miaka minne amekuwa anaishika tu. Halafu Mzee akanigeukia. Hakuwa na hasira, ningependa awe nayo.

Akasema: "Basi wa mwisho kumwona mwanangu ni wewe. Umekaa naye siku nzima, una macho ya fundi, misumari yote uliihesabu. Tueleze. Alikuwa anatazama wapi?"

Nikasema ziwani.

Pudensiana akauliza alikuwa amevaa nini. Nikasema shati jeupe. Akasema hilo analikumbuka hata yeye: hakuwa na shati.

Mzee akamwambia aniache, labda kijana amechoka. Akanisogezea kigoda. Akasema niseme chochote nilichonacho, hata kidogo. Alisimama au aliinama? Alikuwa anacheka? Mkono wake ulikuwa wapi?

Jumapili, 23 Juni

Nimekaa kwenye benchi la dirishani, ambalo bado ni langu, maana Mzee hakuirudisha boti. Fundi kasema neno la mteja ni neno la mteja, ila hanitazami akisema.

Nimepanga makosa vizuri. La kwanza ni la gundi, ingeandikwa kwenye kopo kwamba haibanduki. La pili la mama, kuokota vitu bila kuuliza. La tatu la Candide, aliyekwenda kunywa uji wakati anajua mimi ni mtu wa kuchukua hatua. Na madaktari nao, miaka yote hawaji, wamekuja mwezi huu.

Kazi nyingine imeshaingia. Melkior, mwenye mashine ya kusaga, anataka lori la mbao, mfano wa lori la marehemu baba yake. Ameleta picha. Kasema ni moja tu. Magurudumu sita, taa mbili, herufi nne mlangoni, nimeshazikariri. Nimenunua gundi nyingine, nyembamba zaidi. Hii inabanduka.

Jana sikuwajibu Magamba. Nilikaa kwenye kile kigoda mpaka wakaacha kuuliza. Leo asubuhi, Candide akiwa kanisani, nimefumba macho nikaitafuta picha kichwani, na ilikuwepo yote. Kamba kumi na moja. Mbao tisa. Misumari ishirini na tatu, na mmoja wa chini umepinda. Bendera ilikuwa inaelekea mbele, na mimi niliichonga nyuma. Nyuma ya boti kuna kitu kimesimama, cheusi, kirefu kidogo, kinasumbua mstari. Nimejaribu kukigeuza kinitazame. Hakina uso. Siku nzima ile alikuwa mbele yangu, na mimi sikumtazama.